Naam ya Upande wa Kushoto

Tulikuwa watu kumi na mmoja tulipoingia kichakani. Tulipotoka, nikahesabu tisa.

Nikahesabu tena, maana ndivyo nilivyoumbwa. Noti nazihesabu mara mbili, chenji mara mbili, na hata vitumbua nikiwekewa sahanini huvihesabu kwa macho kabla sijavihesabu kwa meno. Mara ya pili pia ikatoka tisa. Katika usasi wa nguruwe, watu wawili kupungua si jambo la kukaa kitako ukangoja. Huko maweni, kusini mwa Unguja, ardhi yenyewe ni jiwe tupu lenye mashimo yaliyofunikwa na majani. Mtu hutumbukia akapotea mpaka kifuani. Na ndani ya kichaka kile tulikuwa tumemwacha nguruwe mwenye jeraha.

"Makame hayupo!" nikapiga ukelele. "Makame na nduguye hawapo! Rudini ndani, watu wawili wamebaki!"

Wenzangu wakaduwaa. Kisha nikasikia sauti ubavuni kwangu, upande wa kushoto, karibu hata harufu ya tumbaku yake nikaipata.

"Yakhe, unantafuta wapi, nami nipo hapa nimekusimamia kama mgomba?"

Nikageuza shingo. Makame huyo, na nduguye Vuai nyuma yake kidogo, anafuta jasho kwa kofia. Walikuwa pale tangu nilipoanza kuhesabu. Wasasi wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeogopa kuliko wote, na nilikuwa bado sijaacha kuogopa.

Asiyecheka alikuwa Mzee Kombo, mkubwa wa msafara. Alinijia, akaushika mkuki wangu katikati ya mpini, akauvuta.

"Nipe."

"Mzee, jua limenipiga tu."

"Jua limetupiga sote. Nipe mkuki, Nassor. Mtu asiyemuona mwenziwe ubavuni, leo atamrushia nguruwe, kesho atamrushia Makame. Nenda kaangaliwe macho. Ukirudi na jawabu, tutazungumza."

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyetoka hospitali na chupa ndogo ya dawa mfukoni, chupa ambayo hata mtoto angeiona ya mchezo, na ukaambiwa utie matone yake machoni maisha yako yote. Mimi si daktari. Mimi ni dalali wa Malindi ya Unguja mjini: mtu akisafiri, akifilisika au akirithi, huja kwangu nimuuzie kabati lake. Habari ya namna jicho linavyofanya kazi waulize wenyewe. Mimi nitakusimulia yale ambayo hawakuniambia, na lile moja ambalo sikuuliza.

Pengine unajiuliza dalali wa mjini na nguruwe wapi na wapi. Baba yangu alikuwa Mwarabu aliyerithi jina bila mashamba. Mama yangu ni mtu wa kusini, na huko kusini ana mihogo yake. Nguruwe mwitu wakiingia shambani usiku mmoja, asubuhi utadhani limepita trekta la mlevi. Watu huniuliza, "Nyie Waislamu mnasaka nguruwe wa nini?" Huwajibu: sisi hatumli, yeye ndiye anayetula, anaanzia kwenye mihogo. Basi kila Jumapili nilikuwa nikienda na wasasi wa kule, na mikuki, na nyavu, na mbwa.

Mke wangu Zuhura hakuwa na ugomvi na nguruwe. Ugomvi wake ulikuwa mbwa. Nikirudi, nguo huvulia uani, na mahali palipogusa ute wa mbwa, ambao kwetu ni najisi, hupaosha maji saba, moja la mchanga, yeye amesimama juu ya ngazi ananihesabia. "Hilo la tano, Bwana Nassor, usiniibie." Nami nilikuwa sijaiba. Nilikuwa nimepata mwenzangu wa kuhesabu.

Miwani ya kwanza niliinunua sokoni Darajani, miezi mingi kabla ya siku ile ya hesabu, kwenye meza iliyorundikwa miwani kama dagaa. Nilikuwa nimeshaanza kuona ukungu, nikasema umri huo, arubaini na kitu si mchezo. Nikajaribu moja baada ya moja, nikisoma maandishi madogo ya kopo la rangi, mpaka nikapata iliyoonesha kila herufi. Nikapatana bei hadi muuzaji akasema, "Chukua, Ami, kichwa kinaniuma." Nilitoka pale nimeshinda.

Kichakani miwani ni adhabu. Jasho linaingia, kioo kinafanya mvuke, kitawi kinainyakua na kuitupa nyuma yako. Nikaifunga kisogoni kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Wenzangu wakapata la kusema.

"Nassor, miwani hiyo ya kumsomea nguruwe khitma?"

"Ya kumsomea bei," nikawajibu.

Nilipoona bado najikwaa, nikanunua nyingine. Kisha ya tatu. Kila moja ilikuwa nzuri, maana kila moja nilipotazama mbele ilinionesha mbele. Kwa hiyo lawama nikazitupa kwingine. Kikombe cha kahawa nikikiangusha barazani, nilisema nani kakiweka pembeni namna hii. Watu wakinipiga bega vichochoroni, nilisema vijana wa siku hizi hawana adabu. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba tangu vilipojengwa, lakini mwaka ule mimi niliona vimezidi wembamba, na sikujiuliza nani anavibana.

Alama ya kweli ilikuwa mbwa mmoja wa Mzee Kombo, akiitwa Tarishi. Wiki tatu kabla ya siku ile ya hesabu, niliwekwa kwenye mwanya wa wavu, nikiambiwa nguruwe atatokea hapo. Nilikuwa macho kabisa, mkuki juu, natazama mbele. Nguruwe akaja kutoka kushoto. Sikumuona. Niliuona mwili wa Tarishi ukipita hewani mbele ya magoti yangu, kisha nikasikia sauti ambayo hata sasa nikiwa nakula huniondolea hamu. Mbwa alipasuliwa ubavu wote. Meno yale ya nguruwe yalikuwa yamelenga paja langu.

"Ulikuwa umelala?" Mzee Kombo aliniuliza, magoti chini, mkono juu ya kichwa cha mbwa wake.

"Nilikuwa namtazama."

"Unamtazama nani?"

Tarishi alikufa kabla hatujafika barabarani.

*

Hospitali nilikwenda mwanzo wa vuli, na Zuhura. Kwenye kliniki ya macho watu hawafanani na wagonjwa wengine. Hakuna anayekohoa, hakuna anayeugulia. Muuguzi anapita na chupa, anakutia tone la kupanua mboni, halafu anakwambia uinue uso usubiri. Basi mnakaa safu nzima kwenye benchi, nyuso juu, macho yamefumbwa, kama watu wanaoomba mvua. Ukifumbua, ukuta unayeyuka. Nilimwambia Zuhura anishike mkono kwa sababu benchi lilikuwa limejaa. Alinishika, wala hakuniambia kwamba nafasi ilikuwapo tele.

Daktari alikuwa msichana, ushungi wa buluu, sauti ya taratibu. Alinifunika jicho moja, akaleta kidole chake kutoka pembeni. "Sema ukikiona, baba." Nikangoja akilete. Nikangoja. Nikadhani bado hajaanza. Kidole kilipotokea kilikuwa karibu na pua, na sura yake wakati ule ilikuwa imeshabadilika.

"Jicho la kushoto sehemu kubwa limekwenda," alisema baadaye. "Umebakiwa na tundu dogo katikati. La kulia nalo limeanza kuliwa kandokando. Hii ni presha ya macho."

"Sawa. Dawa yake itachukua muda gani kurudisha?"

"Hairudishi, baba."

"Yote hairudishi, nafahamu. Nusu?"

"Hata nusu."

"Robo, daktari. Mimi na wewe tusikosane kwa robo."

Akaweka kalamu chini. "Kilichokwenda kimekwenda. Tunachopigania hapa ni kilichobaki."

"Na miwani? Ninazo tatu."

"Miwani inakuonesha vizuri kile unachokiona. Usichokiona, haina habari nacho."

Maisha yangu yote ya udalali sikuwahi kukutana na bei isiyoshuka hata kidogo. Nilikutana nayo pale. Nilipotoka nje, jua la adhuhuri likanichoma mboni zilizopanuliwa, machozi yakanitiririka, nami nikashukuru, maana hakuna aliyeweza kujua yapi ni ya dawa.

*

Sasa sikiliza neno lilivyotuchezea. Daktari alisema presha ya macho. Zuhura alisikia presha.

"Basi chumvi mwisho leo," alisema tukiwa hatujavuka hata mlango.

"Ni ya macho, Zuhura."

"Macho si yako? Na chumvi si unakula wewe?"

Sikuwa na hoja. Nikala mchuzi usio na chumvi kuanzia vuli hadi kaskazi. Nikameza vitunguu saumu vibichi mpaka wateja wangu wakawa wananipa bei kutoka mbali. Mbaya zaidi, nyumba nzima ikanyamaza. Redio ikateremshwa sauti. Watoto wakaanza kutembea kwa ncha za vidole. "Msimpandishe baba yenu," nilimsikia akiwaambia, nami kwa ujinga nikaona ni sawa, nikawa najizuia kukasirika, nikidhani kila hasira inakata kipande cha jicho. Hakuna aliyeniambia jambo baya. Kwa hiyo hakuna aliyeniambia jambo lolote.

Na mtu anayenyamaziwa huogopa zaidi. Kila asubuhi nilikuwa nafungua dirisha la juu, nafunika jicho moja kwa kiganja, natazama mlango wa jirani ng'ambo ya kichochoro. Ni mlango wa zamani, una misumari ya shaba kwa safu. Nikaihesabu. Jicho la kulia lilikuwa linaona safu zote ila moja ya pembeni. Nikahesabu tena. Kesho yake tena. Siku nikipata pungufu, nilijiambia pengine nimesimama vibaya, nikasogea hatua, nikahesabu upya. Kama na wewe unafanya hivi, mbele ya kalenda au vigae vya bafuni, jua hujaanza kurukwa na akili. Sote tunafanya. Ila usifanye zaidi ya mara moja kwa siku. Mimi nilifika mahali jirani akamuuliza Zuhura kama nataka kuununua ule mlango.

Makame ndiye aliyeuvunja ukimya. Alikuja kunitazama, akanywa chai, akasema, "Pole na mihogo ya mama."

"Mihogo gani?"

Zuhura alikuwa anamimina. Birika likasimama hewani. Kumbe nguruwe walikuwa wameingia mara mbili tangu nivuliwe mkuki. Shamba lote lilikuwa limelala chini. Mama yangu alikuwa anaishi kwa mihogo ya majirani, na ametuma salamu kwamba mimi nisiambiwe, nisije nikapanda presha.

Makame akaaga haraka haraka. Nikamgeukia Zuhura.

"Mnanificha mambo kama maiti! Maiti ndiye asiyeambiwa kitu!"

"Nakuficha ndiyo!" akalia, mara ya kwanza tangu hospitali. "Nakuficha kwa sababu nataka uwe unaniona mpaka nizeeke! Au unataka nizeeke peke yangu, hakuna wa kuniona?"

Halafu akaenda jikoni, akarudi na kikopo cha chumvi, akakiweka mbele yangu kwa kishindo. Tuliporudi kliniki tukamuuliza daktari. Akacheka mpaka akaomba radhi. Chumvi na hasira hazikuwa na makosa. Dawa ndiyo kazi yake, alisema, asubuhi na jioni, bila kuruka.

Siku chache baadaye nilipokuwa nashuka ngazi za nyumba yetu, ngazi za giza na mwinuko mkali kama za nyumba zote za mjini kule, nikakuta ukingo wa kila kidato umepakwa chokaa nyeupe. Nilishuka mpaka chini, nikapanda, nikashuka tena.

*

Chupa ya nne ilinikuta Ramadhani.

Dawa ile ina ladha. Unaitia jichoni, baada ya muda kidogo unaisikia kooni, chungu, kama mtu aliyelamba kidonge cha malaria. Siku ya kwanza ya mfungo niliitia saa mbili asubuhi kama kawaida, na uchungu ukashuka kooni, nikaruka nilipokaa. Nikatema mate nje dirishani mpaka koo likakauka. Nikajiambia: nimefungua saumu. Siku nzima sikuwa na raha. Jioni, saa yangu ya pili ya dawa, jua lilikuwa bado juu. Chupa nikaitazama, nikaiweka. Nikasema, mwezi mmoja tu. Jicho haliumi, halijabadilika, na Mungu anaona ninachokiacha kwa ajili yake. Nikaifunga chupa kwenye kitambaa, nikaitia kabatini.

Zuhura akiniuliza, nilimwambia nshatia.

Na hapa ndipo penye ajabu yangu. Mimi ni mtu ambaye nikinunua fungu la mchicha huuliza bei mara mbili, na mara ya tatu nikiwa naondoka. Jambo hili sikumuuliza mtu hata mara moja. Si daktari, si mwalimu wa chuo cha Kurani, wala imamu wa msikiti ulio hatua chache tu kutoka mlangoni kwetu. Nilipitisha hukumu mwenyewe, nikaitekeleza mwenyewe, na aliyehukumiwa lilikuwa jicho.

Sikukuu ilikuja na taa. Usiku wa kwanza nilitoka na watoto, nikaona kila balbu imevaa pete ya rangi. Nikadhani ni mapambo. Nikamwambia mwanangu, "Mwaka huu wametengeneza taa vizuri." Akaniangalia.

"Mbona ni zile zile za kila mwaka, baba?"

Asubuhi nikafungua dirisha, nikafunika jicho la kushoto. Mlango wa jirani ulikuwapo, safu za kati zilikuwapo, na kandokando yake ilikuwa kama mtu ameupigia mvuke. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Nikakaa sakafuni chini ya dirisha, nikamwita Zuhura kwa sauti ambayo sikuijua.

Daktari alipima mara mbili. Alikuwa amekasirika, kisha nilipomueleza, hasira ikamtoka, na hilo likanitisha kuliko hasira.

"Nani aliyekwambia inafunguza?"

"Hakuna."

"Hakuna," alisema, kama anayeliandika neno. Kisha: "Tone halitoshi tena. Itabidi upasuliwe, Dar es Salaam, na upesi. Lengo si kukuongezea, baba. Lengo ni hilo jicho la kulia lisiende lote. Likienda, hakuna la pili la kuliegemea."

Jioni ile nilikwenda msikitini, nikamngoja imamu mpaka watu wakapungua. Nikamueleza. Alinisikiliza akiwa anavaa kandambili.

"Kwa madhehebu yetu," alisema, "jicho si njia ya wazi ya kupitisha kitu tumboni. Tone halifunguzi, hata ukiipata ladha kooni. Na hata kama moyo ulikuwa unakusumbua, ungelitia baada ya futari na ukalitia kwenye daku, ukapata yote mawili." Akaingiza mguu kwenye kandambili ya pili. "Ungeniuliza, ningelikujibu hapa hapa mlangoni, Nassor. Na mimi sina bei."

Alisema kwa upole. Nilitamani angepiga kelele.

Basi chukua hili, hata kama mengine yote utayasahau. Uliza. Muulize daktari wako akupangie saa, na muulize unayemuamini katika dini yako. Usipitishe hukumu ukiwa peke yako mbele ya dirisha.

*

Boti iliondoka Malindi asubuhi, mbele ya pale pale ninapofanyia kazi. Madalali wenzangu walinipungia mkono. Wale wa kulia niliwaona.

Hospitali ya Dar tulisubiri kwenye ukumbi mrefu wenye feni moja inayolalamika. Kando yangu alikaa bibi mmoja, kitenge kimefungwa shingoni, fimbo ya kutembelea magotini. Baada ya muda akanigeukia.

"Mwanangu, wewe umekuja na jicho gani?"

"La mwisho, bibi."

"Na mimi," akasema.

Alipoitwa jina aliniachia karanga zake kwenye karatasi. Sijui alitokaje, nilipotoka mimi, benchi lile lilikuwa na watu wengine.

Upasuaji wenyewe hauumi, na hilo ndilo linalotisha: uko macho, umefunikwa uso, na unasikia watu wakizungumza juu ya jicho lako kama mafundi juu ya saa. Mmoja alisema, "Shika hapo." Nikajiuliza wapi. Nikajaribu kuhesabu, chochote, pumzi zangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikapoteza hesabu.

Wakanifunga bandeji jicho la kulia, lile zuri. Likabaki la kushoto na tundu lake. Siku ile nzima niliishi kama mtu anayechungulia dunia kwa tundu la ufunguo: kipande cha shuka, kipande cha mkono wa Zuhura, kijiko kinachokuja bila mtu. Nikajua hapo ndipo nitakapoishi kama lile la kulia limekataa. Sikulia. Nilikuwa nimeambiwa nisilie, jicho bichi.

Asubuhi muuguzi alifungua bandeji. Mwanga mweupe, maji, ukungu. Zuhura alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mkono juu.

"Vingapi?"

Nikangoja ukungu utulie. "Vitatu."

"Hesabu tena."

"Vitatu."

Akaushusha mkono, akajifunika uso kwa kanga yake. Upande wa kulia niliona kipande cha dirisha. Kushoto hapakuwa na kitu.

*

Masika yote nilikaa ndani: hakuna kuinama, hakuna kubeba, hakuna jasho. Kipupwe kilipoingia daktari alisema jicho limetulia. Limetulia, hakusema limepona. Maneno haya mawili nimejifunza kuyatofautisha. Miwani sasa nina moja, niliyopimiwa. Sikupatana bei.

Jumapili moja nikaenda kusini. Mzee Kombo alikuwa anafunga nyavu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umerudi na jawabu?"

"Jawabu ni kwamba jicho la kushoto sina, na la kulia ninalo kwa mkopo."

"Basi mkuki sikupi."

"Sikuja kuutaka. Nimekuja kuhesabu."

Wasasi wakaangua kicheko. "Mtu wetu wa tisa!" Makame akapiga makofi. "Huyu akihesabu, wawili tutazikwa hai!"

"Kwa masikio," nikasema. "Nitaita jina. Asiyeitika, hayupo, hata kama mnamuona."

Mzee Kombo alinitazama, kisha akarudi kwenye wavu wake. "Kaa njiani," alisema, "na usisogee."

Nikakaa njiani peke yangu. Nilikuwa naogopa, sitakuficha. Kila jani lililotikisika lilikuwa nguruwe, na lile la kushoto lilikuwa nguruwe hata lisipotikisika. Mbwa wakabweka mbali, wakaja karibu, wakaenda. Baadaye wakatoka, wamechoka, nguruwe mmoja chini, wanazungumza wote kwa pamoja. Wakakusanyika wakaanza kukunja nyavu. Nikaita. Kombo. Naam. Makame. Naam. Nikaenda jina kwa jina.

"Vuai."

Hakuna.

"Vuai!"

"Yupo huyo," alisema mmoja. "Si alikuwa nyuma yangu?"

"Nami nimemuona akitoka," akasema mwingine. "Kaenda kukojoa. Twende zetu, Nassor, jua kali."

"Hajaitika."

"Tumekwambia yupo, bwana!"

"Mimi nshawahi kuapa watu hawapo, nao wapo," nikasema. "Leo nyie mnaapa yupo. Rudini ndani."

Mzee Kombo aliokota mkuki wake, akageuka, na wengine wakamfuata. Nilibaki pale, nikaita jina lile mara nyingi sana. Safari hii sikuhesabu. Walimkuta si mbali, ndani ya shimo la jiwe, majani yamemfunika mabega, kifundo cha mguu kimevunjika, pumzi imemkatika kwa mwanguko hata sauti haitoki. Alikuwa amewasikia wakicheka, wakikunja nyavu. Alikuwa amesikia jina lake likiitwa, akifungua mdomo, hakitoki kitu.

Wakamleta kwa machela ya nyavu. Walimuweka chini, mimi sikuona wapi. Makame alikuwa anamfokea nduguye huku anamfuta uso, matusi na dua vimechanganyika.

Nikaanza tena tangu mwanzo, Kombo, Makame, wote, mpaka nikafika.

"Vuai."

Ikatoka kushoto kwangu, chini, pale ambapo mimi sina kitu, sauti kavu kama karatasi:

"Naam."

Nikaita mara ya pili. Si kwamba sikusikia.